Royce Gracie

Royce Gracie (alizaliwa Rio de Janeiro, Brazil, 12 Desemba 1966) ni mwalimu wa jujitsu ya Kibrazili na mpiganaji wa zamani wa mapigano mchanganyiko, mchezo unaojulikana duniani kwa kifupi cha MMA. Anakumbukwa hasa kwa kushinda mashindano matatu kati ya manne ya kwanza ya Ultimate Fighting Championship (UFC) nchini Marekani, miaka ya 1993 na 1994. Wakati huo alikuwa na uzito wa kilo 80 hivi, na baadhi ya wapinzani wake walimzidi kwa kilo 30 au zaidi.

Royce ni mtoto wa Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jujitsu ya Kibrazili. Katika Kireno cha Brazil herufi "r" mwanzoni mwa neno hutamkwa karibu na "h", kwa hiyo jina lake husikika kama "Hois".

Ukoo wa Gracie

Historia ya ukoo huu katika mapigano inaanzia kwa Mjapani Mitsuyo Maeda. Maeda alikuwa mwanajudo wa shule ya Kodokan ya Tokyo, aliyezunguka nchi nyingi akipigana mbele ya watazamaji wa kulipa kiingilio. Alifika Brazil mwaka 1914, kisha akafanya makao yake Belém, mji ulio karibu na mdomo wa mto Amazon. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie, aliyezaliwa mwaka 1902. Baadaye Carlos alihamia Rio de Janeiro, akafungua chuo chake katika miaka ya 1920 na kuwafundisha wadogo zake.

Mmoja wa wadogo hao alikuwa Hélio (1913–2009). Kwa maelezo ya ukoo wenyewe, Hélio alikuwa mwembamba na dhaifu kiafya, hivyo mbinu nyingi zilizotegemea nguvu zilimshinda. Alizibadilisha ili mtu mdogo aweze kuzitumia, hata akiwa amelala chali na mpinzani yuko juu yake. Wanahistoria wa judo husema kwamba mbinu nyingi za namna hiyo zilikuwepo Japani kabla yake. Hata hivyo, ukoo wa Gracie ndio uliozifanya kuwa msingi wa mafunzo yote.

Ukoo ulijitangaza kwa kuwaalika wapiganaji wa michezo mingine waje kupimana nguvu, mchezo ulioitwa kwa Kireno vale tudo, yaani "chochote kinaruhusiwa". Hélio mwenyewe hakushinda kila mara. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã, alishindwa na Mjapani Masahiko Kimura aliyemvunja mkono. Hélio hakusalimu amri. Kaka yake Carlos ndiye aliyesimamisha pambano. Tangu hapo ukoo huo uliita kabari ile ya mkono "kimura", kwa heshima ya mshindi. Mwaka 1955 Hélio alipigana na Valdemar Santana, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwa zaidi ya saa 3 na nusu, akashindwa.

Utoto na kuhamia Marekani

Royce alikulia katika nyumba ambamo mkeka wa mazoezi ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Kaka zake Rorion, Relson, Rickson, Rolker na Royler, na mdogo wake Robin, wote walifundishwa jujitsu. Rorion alihamia California mwaka 1978 na kuanza kufundisha katika gereji ya nyumba yake. Baadaye Royce alimfuata akiwa kijana, akawa msaidizi wake katika kufundisha.

Kuanzishwa kwa UFC

Rorion alishirikiana na mfanyabiashara Art Davie na kampuni ya televisheni iliyoongozwa na Bob Meyrowitz kuandaa mashindano ya kujibu swali la zamani: kati ya ndondi, karate, mieleka, judo na nyinginezo, ni sanaa ipi inayofaa zaidi katika pambano la kweli? Mashindano ya kwanza yalifanyika Denver, Colorado, tarehe 12 Novemba 1993. Wapiganaji 8 waliingia katika ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu. Hakukuwa na madaraja ya uzito wala majaji wa kutoa pointi. Kuuma na kutoboa macho kulikatazwa. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 50,000.

Wengi waliuona ubora wa Rickson kuwa mkubwa kuliko wa ndugu zake wote, lakini aliyechaguliwa kuuwakilisha ukoo ni Royce. Sababu iliyotolewa ni umbo lake. Kama mtu mwenye misuli mikubwa angeshinda, watazamaji wangesema ni nguvu. Akishinda mtu mwembamba, wangelazimika kuuliza ametumia nini.

Royce alimshinda mwanandondi Art Jimmerson, kisha Ken Shamrock, na katika fainali Mholanzi Gerard Gordeau, bingwa wa mchezo wa mateke uitwao savate. Mapambano yote matatu kwa jumla hayakufika dakika 5. Hakuna aliyeangushwa kwa ngumi: wote walisalimu amri.

Tarehe 11 Machi 1994 alishinda mashindano ya pili, safari hii akipigana mara 4 katika usiku mmoja. Katika mashindano ya tatu, Septemba 1994, alimshinda Kimo Leopoldo baada ya kazi ngumu, akachoka kiasi cha kushindwa kuendelea. Kona yake ilitupa taulo kabla ya pambano lililofuata kuanza. Tarehe 16 Desemba 1994, mjini Tulsa, alirudi na kushinda mashindano ya nne. Katika fainali alilaliwa kwa muda mrefu na Dan Severn, mwanamieleka wa zaidi ya kilo 110. Baada ya dakika 15 na sekunde 49 alimbana shingo kwa miguu yake, na Severn akasalimu amri. Pambano hilo lilipitiliza muda wa matangazo, hivyo watazamaji wengi waliolipia hawakuuona mwisho wake. Mashindano yaliyofuata yaliwekewa kikomo cha muda.

Jinsi mbinu zake zinavyofanya kazi

Mtu anayemwona Royce akiwa chini ya mpinzani hudhani anashindwa. Katika jujitsu ya Kibrazili, kulala chali huku miguu ikimzunguka mpinzani kiunoni ni hali ya kujilinda na ya kushambulia pia. Miguu ina misuli mikubwa kuliko mikono, nayo humzuia aliye juu kukaa sawasawa na kupiga ngumi kwa nguvu zote.

Kuna njia kuu mbili za kumaliza pambano. Ya kwanza ni kabali. Kabali ya jujitsu hulenga mishipa miwili mikubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo. Ikibanwa sawasawa pande zote mbili, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, awe na kilo 60 au 120. Kubana kwa miguu kama alivyofanyiwa Severn hufuata kanuni hiyohiyo: upande mmoja wa shingo hubanwa na paja la anayekaba, na upande wa pili hubanwa na bega la anayekabwa.

Njia ya pili ni kukunja kiungo kinyume na kinavyokunjika. Hapa wanafunzi wa sayansi watatambua wenzo. Mkono wa mpinzani ukinyooshwa na kuwekwa juu ya nyonga ya mshambuliaji, nyonga ndiyo egemeo, kiwiko kiko karibu na egemeo hilo, na jitihada inawekwa mwishoni kabisa, kwenye kifundo cha mkono. Mshambuliaji anatumia mikono miwili, mgongo na miguu dhidi ya kiungo kimoja. Nguvu kidogo kwenye ncha ya wenzo huwa nguvu kubwa kwenye kiwiko. Anayebanwa hugonga mkono sakafuni au mwilini mwa mwenzake kuonyesha kwamba amekubali kushindwa. Asipogonga, kiungo huteguka au huvunjika.

Kuondoka UFC

Tarehe 7 Aprili 1995 Royce alirudiana na Ken Shamrock. Pambano lilichukua dakika 36 na kuishia sare, Shamrock akikaa juu muda mwingi bila kujaribu kummaliza. Baada ya hapo Rorion aliuza hisa zake na Royce akaondoka pia. Ukoo haukupenda kikomo cha muda, kwa kuwa mpango wao ulikuwa kumngoja mwenye nguvu achoke.

UFC yenyewe ilibadilika. Baada ya wanasiasa wa Marekani, akiwemo seneta John McCain, kuupinga mchezo huo, majimbo mengi yaliupiga marufuku. Uliokolewa na kanuni mpya: madaraja ya uzito, glavu, raundi za dakika 5 na majaji.

Japani: dakika 90 na Sakuraba

Mwaka 2000 Royce alijiunga na mashindano ya Pride nchini Japani. Tarehe 1 Mei, katika ukumbi wa Tokyo Dome, alikutana na Kazushi Sakuraba, aliyekuwa amemshinda kaka yake Royler mwezi Novemba 1999. Upande wa Gracie ulidai kanuni maalumu: raundi za dakika 15 bila idadi, bila majaji, na mwamuzi asiwe na mamlaka ya kusimamisha pambano. Kanuni hizo ziliwageukia. Walipigana raundi 6, jumla ya dakika 90, sawa na mechi nzima ya mpira wa miguu. Sakuraba aliupiga mguu wa Royce kwa mateke hadi akashindwa kusimama vizuri. Kabla ya raundi ya 7 kona ya Royce ilitupa taulo. Mwaka huohuo Sakuraba aliwashinda pia Renzo na Ryan Gracie, akaitwa "mwindaji wa Gracie".

Tarehe 31 Desemba 2004, mjini Osaka, Royce alimshinda Akebono, bingwa mkuu wa zamani wa sumo mwenye zaidi ya kilo 200. Huo ni uzito wa magunia mawili ya maharage kama yanavyopakiwa katika masoko ya Kasulu na Kibondo. Ilimchukua dakika 2 na sekunde 13, akiwa chini, kwa kuubana mkono wa Akebono.

Miaka ya mwisho

Tarehe 27 Mei 2006, akiwa na miaka 39, Royce alirudi UFC kupigana na Matt Hughes, bingwa wa uzito wa welta. Hughes alikuwa mwanamieleka aliyejifunza pia jujitsu. Alimweka Royce chini, akamnyoosha mkono hadi ukaonekana kukaribia kuvunjika, lakini Royce hakugonga. Hughes alihamia mgongoni na kumpiga ngumi mpaka mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya kwanza.

Tarehe 2 Juni 2007, mjini Los Angeles, alirudiana na Sakuraba na kushinda kwa uamuzi wa majaji. Vipimo vilivyofuata vilionyesha nandrolone, dawa ya kuongeza nguvu iliyokatazwa. Tume ya michezo ya California ilimtoza faini ya dola 2,500 na kumfungia. Royce alikana kutumia dawa hiyo. Kwa mtu aliyejenga jina kwa kuonyesha kwamba ufundi hushinda misuli, doa hilo lilikuwa zito kuliko faini.

Pambano lake la mwisho lilifanyika Houston tarehe 19 Februari 2016. Akiwa na miaka 49 alimshinda Ken Shamrock, mwenye miaka 52, katika raundi ya kwanza, ingawa Shamrock alilalamika kwamba alipigwa sehemu isiyoruhusiwa. Rekodi ya Royce ni ushindi 15, kushindwa 2 na sare 3.

Tathmini

Wakosoaji hueleza kwamba mashindano ya kwanza hayakuwa kipimo kisicho na upendeleo: mwandaaji mmoja alikuwa kaka wa mshindi, na wapinzani wengi hawakujua lolote kuhusu kupigana chini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mapambano yenyewe yalikuwa ya kweli, na kutojua kwa wapinzani ndiko hasa kulikoonyeshwa. Baada ya 1994 hakuna mpiganaji wa MMA aliyeweza kupuuza mapigano ya chini. Hughes alimshinda Royce kwa kutumia elimu ambayo ukoo wa Royce ulisaidia kuisambaza. Vivyo hivyo, mwaka 2021 Waafrika watatu, Kamaru Usman na Israel Adesanya wenye asili ya Nigeria, na Francis Ngannou wa Kamerun, waliposhika mikanda ya UFC kwa wakati mmoja, kila mmoja wao alikuwa amelazimika kujifunza kujilinda dhidi ya kuangushwa na kukabwa.

Koo za wapiganaji zipo mahali pengi. Tanzania inaujua ukoo wa Matumla katika ndondi: Rashid, nduguye Mbwana, na Mohamed mwana wa Rashid. Ukoo humpa kijana walimu wa bure, wenzi wa mazoezi na jina linalofungua milango. Humpa pia deni. Royce alipoingia ulingoni Denver hakuchagua swali lililokuwa likijibiwa, na alipokataa kugonga mbele ya Hughes alifanya kama baba yake alivyofanya mbele ya Kimura miaka 55 nyuma.

Tarehe 21 Novemba 2003 Royce Gracie na Ken Shamrock walikuwa watu wa kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima ya UFC. Royce ameendelea kusafiri nchi mbalimbali akifundisha jujitsu.