Kaktusi inayopenda mvua: jinsi ya kutunza ripsali mu nyumba



Ukisikia neno kaktusi, unafikiria jangwa, mchanga na miiba. Lakini kuna kaktusi moja inayoishi mu misitu ya Kongo, juu kwenye matawi ya miti, na inaning'inia kama nywele ndefu za kijani. Jina lake la kisayansi ni Rhipsalis baccifera; hapa nitaiita ripsali. Jamaa ya kaktusi ina aina zaidi ya 1,000, zote asili yake ni Amerika. Ripsali peke yake njo inapatikana pia mu misitu ya Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Wataalamu wanabishana bado namna ilivyovuka bahari. Wengi wanawaza ndege waliokula matunda yake, maana mbegu zake zinanata sana.

Haina majani. Vishina vyake vyembamba njo vinafanya kazi ya majani. Maua ni meupe na madogo, hayafiki hata sentimita moja, kisha yanafuata matunda meupe kama shanga. Ukiitundika mu saloni, wageni watauliza tu. Kwa kijana anayetaka kuuza mimea ya nyumba wakati anatafuta kazi, ni mmea mzuri. Shida inakuja baadaye: mteja ananunua, baada ya miezi miwili mmea umeoza, naye harudi tena. Muuzaji anarudi msituni kung'oa mwingine. Hapo unapoteza mteja, na msitu unapoteza mmea.

Mara nyingi sababu ni moja: tunaipanda kama muhogo.

Muhogo unataka udongo. Ripsali inashika ganda la mti tu. Kisangani tunapata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, lakini juu ya tawi maji hayakai: yanapita, upepo unakausha, kisha mvua inarudi. Kwa hiyo mizizi yake imezoea maji mengi yanayoondoka haraka. Ukiiweka mu udongo mzito, ndani ya kopo isiyo na tundu, maji yanajaza nafasi zote za hewa. Mizizi inakosa oksijeni, kuvu inaingia, inaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, basi vishina vinanyauka. Mwenye nyumba anasema, "Iko na kiu," anaongeza maji. Njo anaimaliza kabisa.

Ukishika jambo hilo la tawi, mengine yote yanafuata.

Chombo. Bidoni ya litre 5 iliyokatwa inatosha. Toboa matundu sita au nane chini, funga kamba, tundika. Usiweke sahani ya kubakiza maji.

Mchanganyiko. Angalia shina la mti wa ngazi, ule unaotupa mafuta: katikati ya mabaki ya majani ya zamani kuna uchafu mwepesi mweusi, na ndani yake mimea mingine inaota yenyewe. Huo njo mzuri. Chukua sehemu mbili za huo au za mbao iliyooza, sehemu moja ya nyuzi za nazi au maganda ya mti, na sehemu moja ya makala iliyovunjwa vipande vidogo. Maji ukiyamwaga, yatoke chini mara moja.

Maji. Usifuate kalenda, fuata kidole. Ingiza kidole sentimita mbili: kama ni baridi na mbichi, acha, kama ni kavu, mwaga mpaka maji yatoke chini, kisha acha yaishe kudondoka. Maji ya mvua ni bora, na kwetu ni ya bure. Vitabu vingi vya Ulaya vinasema upunguze maji wakati wa baridi. Sisi hatuna baridi hiyo. Mu miezi yenye mvua chache, kama Januari, huenda utamwagilia zaidi.

Mwanga. Vitabu hivyo vinazungumza pia juu ya dirisha la kusini. Kisangani iko karibu na ikweta: jua linapita kaskazini sehemu moja ya mwaka, kusini sehemu nyingine. Chagua dirisha la mashariki, ipate jua la asubuhi. Jua kali la mchana linageuza vishina kuwa vyekundu. Kona ya giza inaiacha hai, ila maua hutayaona. Pia usikatekate ncha kila mara, ukataka ichanue.

Wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vishina, pangusa na kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya wiki.

Kuzidisha. Kata kishina cha sentimita 10, kiache kivulini siku mbili au tatu mpaka kidonda kikauke, kisha kipande. Baada ya wiki chache kinashika mizizi.

Kuna swali wazazi wetu wanaulizaka: "Hii si inauaka miti?" Hapana. Ile inayoua ni mimea ya kimelea tunayoiona kwenye avoka na michungwa: inaingiza mizizi ndani ya tawi na kunyonya. Vuta kidogo, utaona haitoki bila kuvunja mti. Ripsali inashika juu ya ganda tu, chakula inajitafutia yenyewe.

Wanaoishi upande wa Yangambi, mnajua kwamba pale kuna hifadhi ya biosfera tangu 1976. Usiingie kung'oa. Mvua kali ikiangusha tawi kwenye shamba la mzee, muombe ruhusa, chukua vishina vitano tu. Kwa mwaka, vitano hivyo vinaweza kukupa vyungu vya kutosha kuanza kuuza. Na unapouza, mweleze mteja habari ya kidole. Ile dakika moja njo itamrudisha kwako.