Mkojo kubana mkiwa faragha: usione haya, kapime

Wadau, hili hapa Gombani tunaonea haya, mimi naliandika. Mko faragha, ghafla mkojo unabana! Mara nyingi si ugonjwa, kibofu kikijaa hukandamizwa. Nenda haja ndogo kabla na baada, punguza chai ya usiku.

Lakini ikiwa unabanwa kila mara, mkojo unachoma au una damu, kapime. Pemba yetu ina kichocho. Vijidudu vyake hupenya ngozi ukioga mtoni au bwawani, kisha mayai ya minyoo hukwama kwenye kibofu, hata ukeni, ndipo tendo likauma. Hakiambukizwi kwa zinaa, kwa hiyo msishukiane bure. Dawa ipo, prazikwanteli. Jamani, ndoa isivunjike kwa konokono wa mtoni!