Mark Twain: alishindwa ku mugodi, akamsemesha Mfalme Leopold

Wasomaji wetu, papa, mama na vijana wa migodi, leo tunaenda Marekani. Wengi wanajua jina la Mark Twain juu ya Tom Sawyer, kitabu ambacho watoto wanasomanga katika Kifaransa. Wachache wanajua kwamba mbele ya kuwa mwandishi huyu mzee alishika sururu na kuchimba mawe sawasawa sisi. Na wachache zaidi wanajua kwamba katika uzee wake alishika kalamu juu ya Kongo yetu.

Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens. Alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri. Baba yake alikufa wakati yeye alikuwa na miaka 11. Akaacha masomo, akaingia kazi ya kupanga herufi za magazeti. Kisha akawa mwendeshaji wa masua ya moshi juu ya mto Mississippi. Hata jina la Mark Twain limetoka ku mto. Ni sauti ya mfanyakazi anayepima maji kwa kamba: maana yake kina kimefika karibu mita 3,6, masua inaweza kupita bila hatari. Basi jina lake kubwa ni jina la kazi.

Mwaka 1861 vita ya Wamarekani wao kwa wao ikafunga njia ya mto. Akaenda Nevada, kule watu walikuwa wanakimbilia madini ya fedha. Alifikiri utajiri umelala juu ya udongo, kazi ni paka kuokota. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anasimulia namna aliokota jiwe linalong'aa, akalificha, akaanza kuota nyumba za kitajiri. Mchimbaji mzee akalitazama: ni mika, haina bei. Kila mchimbaji aliyebeba mfuko wake mpaka ku depo, akaambiwa jiwe ni tupu, anajua ile aibu.

Akafanya pia kazi ku kiwanda cha kusaga mawe, franga yake dola 10 kwa juma pamoja na chakula. Hakukaa. Anasimulia tena namna yeye na rafiki yake walipata haki juu ya mkanda wa madini mazuri, wakajiona matajiri kwa siku 10. Sheria ilitaka waanze kuchimba mbele ya zile siku kuisha. Kila mmoja akafikiri mwenzake anafanya, wakapoteza yote. Wengine wangelia, yeye akaiandika kwa kicheko, na wa kwanza kuchekwa ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1862 akaingia kazi ku gazeti la Virginia City, muji wa wachimbaji. Pale njo alijifunza namna yake ya kuandika. Wasomaji wake walikuwa watu waliotoka ndani ya shimo na mavumbi ku macho, hawakuwa na wakati wa maneno ya kujivuna. Jioni walikuwa wanasimuliana hadithi karibu na moto. Yeye alisikiliza. Hadithi moja aliyosikia ku kambi ya wachimba zahabu huko California, ya chura anayeruka kwa mashindano, ilitokea ku gazeti la New York mwaka 1865, na jina lake likajulikana inchi nzima.

Siri ya kazi yake ni hii: acha mtu aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Wakati ule waandishi wengi wa Marekani waliandika sawasawa mabwana wa Uingereza. Twain, katika kitabu cha Huckleberry Finn, kilichotoka Marekani mwaka 1885, alimpa neno mtoto maskini, mwana wa mlevi, asiyejua sarufi. Huck anasimulia kitabu chote namna anasemanga ku kijiji. Anasafiri juu ya mto pamoja na Jim, mtumwa anayekimbia. Watu wakubwa wamemfundisha kwamba kumsaidia mtumwa kukimbia ni zambi. Lakini roho yake inakataa kumtoa rafiki. Hakuna mwalimu anayeingia kati kutuambia nani ana haki. Tunasikia paka mtoto anayepigana na roho yake.

Mwaka uleule bibliotheki ya Concord, katika Massachusetts, ikakikataa kitabu: eti lugha yake ni chafu. Miaka 50 nyuma, mwandishi mkubwa Ernest Hemingway akaandika kwamba maandiko yote mapya ya Marekani yametoka ndani ya kitabu kile. Wale wanaotuambia kila siku kwamba Kiswahili yetu ya kambi haifai ku karatasi, wafikiri kidogo.

Sasa tufike ku inchi yetu. Twain hakukanyaga Kongo hata siku moja. Lakini alisoma habari za wamisionere na za Mwingereza E. D. Morel: watu waliolazimishwa kutafuta mpira, vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Mwaka 1905 akatoa kitabu kidogo, na faida yake ilikuwa ya kusaidia watu wa Kongo. Hakupiga kelele yeye mwenyewe. Alifanya namna ileile ya Huck: akamwacha Leopold wa Pili aseme. Mfalme yuko peke yake, anapiga meza, anajisifu, anatukana wamisionere. Akitaka kujitetea, anahesabu makosa yake moja kwa moja. Anakasirikia hata Kodak, kwa sababu picha haikubali kununuliwa.

Twain hakuwa peke yake katika ile kazi, na kitabu kimoja hakiangushi mfalme. Lakini mwaka 1908 Leopold alilazimika kuachia Kongo ku mikono ya serikali ya Ubeleji. Twain akafa mwaka 1910, tarehe 21 Aprili.

Kama kijana wako anasoma Kifaransa, amtafute huyu mzee: *À la dure* juu ya maisha ya migodi, *Le Soliloque du roi Léopold* juu yetu. Na yeye akisoma, mzee wa nyumba naye asimulie yake: shimo la kwanza, mshahara wa kwanza, rafiki aliyebaki chini. Asimulie namna anasemanga, na mtoto aandike vilevile, bila kumsahihisha.