Msomee Jirani Bahasha ya Dawa

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, faida za kisomo unazijua. Siku hizi mtu wa mizani hakupunji kirahisi. Barua yako unajisomea mwenyewe. Lakini je, umewahi kufikiri kuwa dakika 5 za kusoma kwako zinaweza kumsaidia mtoto wa jirani apone?

Tuchukue jambo la bahasha ya dawa. Bibi anatoka zahanati na mjukuu mgongoni. Amepewa vidonge ndani ya bahasha ndogo, na juu yake kuna namba. Ameelezwa pia kwa mdomo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mtoto alikuwa akilia, na kutoka huko hadi nyumbani ni mwendo. Anapofika kijijini maneno yamemchanganyikia. Anapita kwako. "Mwanangu, hebu nitazamie hapa. Wamesema nimpe vingapi?"

Mwamkie, mpe kigoda akae. Kisha soma polepole.

Mara nyingi utakuta 1x3, au 2x2, au 2x3. Hapa hata wanaojua hesabu hukosea. Alama ile ya katikati tuliizoea darasani kuwa ni ya kuzidisha. Mtu anaona 2x3, anasema sita! Anameza vidonge 6 kwa mpigo. Hiyo ni hatari kubwa. Kwenye bahasha ya dawa namba ya kwanza ni idadi ya vidonge vya kumeza kila mara. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 2x3 ni vidonge 2 asubuhi, vidonge 2 mchana na vidonge 2 usiku.

Na siku hapa maana yake ni saa 24, usiku na mchana pamoja. Ukigawa 24 kwa 3 unapata 8. Basi dawa ya mara 3 humezwa kila baada ya saa 8, na ya mara 2 kila baada ya saa 12. Wako watu wanaomaliza mara zote 3 kabla jua halijazama, wapate kulala bila kusumbuliwa. Usiku dawa inapungua mwilini, na ugonjwa unapata nafasi.

Sasa tazama dawa mseto ya malaria iitwayo ALu, inayotumika Tanzania Bara tangu mwaka 2006. Hii ina hesabu yake. Humezwa mara 6 kwa siku 3. Idadi ya vidonge vya kila mara hutegemea uzito wa mgonjwa, na mganga ndiye anayepanga. Kazi yako wewe ni saa. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni mpaka ziishe.

Tuseme mjukuu amemeza dozi ya kwanza saa 2 usiku. Hesabu saa 8 mbele. Utafika saa 10 alfajiri. Kwenye simu yako itaandikwa 04:00. Bibi hana simu wala saa ya mkono? Basi umpigie hodi, au mwambie jogoo wa kwanza wakiwika amwamshe mtoto. Dozi ya tatu ni saa 2 usiku unaofuata, ya nne saa 2 asubuhi, ya tano saa 2 usiku, ya sita saa 2 asubuhi. Mtoto ale chakula au anywe maziwa anapomeza, kwa sababu dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikikutana na mafuta kidogo tumboni.

Siku ya pili homa hushuka. Mtoto anacheza. Hapo ndipo bibi huviweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati, vimsaidie siku nyingine. Usimgombeze, ni mtu aliyezoea kuweka akiba. Mweleze kuwa vijidudu bado vimo na homa inaweza kurudi. Pita jioni, muulize, "Bibi, cha leo amemeza?"

Njia nyingine ni kuchora. Chora jua juu ya bahasha, na pembeni yake vistari kwa idadi ya vidonge. Chora mwezi, fanya vivyo hivyo. Bibi ataisoma bahasha yake mwenyewe, na huenda kesho akakuuliza darasa la kisomo liko wapi.

Kusomeana hivi hakukuanza leo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu. Walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Lakini ujue mipaka. Wewe ni msomaji, si mganga. Usiongeze kidonge, usipunguze. Usimpe jirani dawa iliyobaki kwako eti homa zinafanana. Tena kilichoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa kibaki kifuani mwako. Ukikipeleka kisimani, hakuna atakayekuletea bahasha tena, na atakayeumia ni mtoto.

Angalia pia herufi EXP kwenye pakiti. Mbele yake kuna mwezi na mwaka ambao dawa inakwisha muda wake. Ikiwa imepita, isimezwe.

Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, acha bahasha, mkimbizeni zahanati. Na kama jasho limefuta maandishi, huoni kama ni 1 au 2, usikisie. Chukua baiskeli, rudi ukaulize.