Baraza la akina mama wa Hanang

Kwa Wabarbaig wa Hanang, ambao ni sehemu ya Wadatoga, mwanamume aliyemkosea mwanamke katika mambo ya uzazi hakuhukumiwa na wazee wenzake. Alihukumiwa na akina mama. Baraza lao, girgwageda gademga, lilisikiliza shauri na kumtoza faini ya fahali. Akikaidi, alikabiliwa na laana yao, na laana hiyo iliogopwa. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1950, Hanang ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, alilieleza baraza hilo kuwa chombo halisi cha sheria. Naamini alikuwa sahihi.

Nguvu hiyo ilikuwa na msingi wa mali. Binti akiolewa, wazazi wake walimpa ng'ombe, na mume hakuweza kuwatoa kwa kujiamulia. Hata hivyo usawa haukuwepo: mambo ya ukoo na ya jumuiya nzima yalibaki mikononi mwa wanaume.

Tulinganishe na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake wengi wa huko walijiondoa katika vyama vya kupinga ubaguzi na vita ya Vietnam. Humo wanaume walihutubia, wanawake wakaachiwa kuandaa kahawa na kupiga chapa. Walipounda vikundi vyao, walikataa uongozi wa aina yoyote: hakuna mwenyekiti, hakuna msemaji. Mwaka 1970 Jo Freeman, mwanaharakati mwenzao, aliwaonya kwamba kikundi kisicho na taratibu zinazojulikana huishia kutawaliwa na marafiki wachache, ambao hakuna awezaye kuwawajibisha kwa sababu hakuna aliyewachagua.

Akina mama wa Kibarbaig walipinga ubabe kwa njia nyingine kabisa. Walikuwa na mamlaka, nayo yalikuwa wazi: kosa linajulikana, kikao kinajulikana, adhabu inajulikana.

Mamlaka ya namna hiyo serikali huyavumilia kwa shida. UWT, umoja wa wanawake ulioundwa mwaka 1962, ulifungamana na TANU, chama tawala cha wakati huo. BAWATA (Baraza la Wanawake Tanzania) ilipojaribu kusimama nje ya chama tawala katika miaka ya 1990, ilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka uliofuata. Mahakama Kuu ilikuja kutamka mwaka 2009 kwamba kuifuta kulikiuka Katiba. Miaka 12! Ni chama gani cha wanawake wa vijijini kinachoweza kungoja hivyo?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Viti hivyo navithamini sana. Lakini mjumbe asiye na kikao cha wenzake nyuma yake huzidiwa upesi na wajumbe wanaume. Hanang ina jadi ya kikao cha aina hiyo. Kabla ya kuandaa semina nyingine ya kuwafundisha akina mama kujieleza, halmashauri iwaulize wangependa baraza lao lisikilizweje katika mashauri ya malisho na mirathi.