Breki Mbovu: Wito wa Kiwanda Hauna Budi Kufika Kabuga

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kila asimamaye zamu katika barabara ya Kabuga anaujua uzito wa neno breki. Barabara hiyo hutoka mpaka wa Rusumo, ikapita Kayonza na Rwamagana, ikaelekea Kigali. Humo hupita malori yaliyobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam, na yafikapo Kabuga hukutana na mabasi, pikipiki za abiria na watoto watokao shuleni. Gari likikosa breki mahali kama hapo, dereva hana nafasi ya pili.

Leo tunapenda kuueleza ubovu usioletwa na dereva wala fundi, bali uliozaliwa pamoja na gari kiwandani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 iliwalazimisha watengenezaji kuwaarifu wenye magari juu ya kasoro za usalama. Mwaka 1974 ikaongezwa kwamba matengenezo yafanywe bila malipo.

Mfano mkubwa ulitokea mwaka 2010. Mwezi Februari, kampuni ya Toyota iliyaita magari yapatayo 437,000, yakiwamo ya aina ya Prius, kwa sababu breki zake zilisitasita katika njia zenye utelezi au mashimo. Mwezi Oktoba iliyaita mengine yapatayo 1,530,000, mengi yao yakiwa Marekani na Japani. Kasoro ya mara hii ilikuwa ndogo kwa umbo. Mpira wa kuzuia mafuta katika silinda kuu ya breki uliweza kukauka na kujikunja, hasa palipotiwa mafuta ya breki ya aina isiyofaa. Mafuta yakavuja kidogo kidogo. Taa ya onyo ikawaka, na pedali ikawa laini chini ya mguu. Aliyepuuza dalili hizo aliweza kufika siku ambayo angekanyaga na breki isishike ipasavyo.

Sasa, jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu sana. Barua ya kiwanda hutumwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Lakini magari mengi ya Afrika Mashariki yamekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku. Gari huvuka bahari, barua ikabaki katika nyumba ya mwenyewe wa kwanza. Mnunuzi wa Kabuga hupewa funguo na karatasi, wala hajui kwamba gari lake liliitwa na halikuitika. Mashine ya ukaguzi nayo hupima nguvu ya breki siku ile ile tu. Haiwezi kusoma habari za gari zilizopita.

Hivyo hapana budi kila anunuaye gari lililotumika aiandike namba ya chasisi, kisha aulize kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza kama kuna wito usiotimizwa. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, wala si yale yaliyo rahisi dukani. Yakipungua mara kwa mara, yasiongezwe tu. Itafutwe sababu ya kupungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa vikosi. Nidhamu humfundisha askari kutii, na ndivyo ipasavyo. Lakini dereva mwenye cheo kidogo akiripoti kwamba pedali imekuwa laini, ripoti yake isijibiwe kwa amri ya kuondoka. Gari lisimame, fundi aitwe, na jambo hilo liandikwe katika daftari la gari. Msafara ukichelewa saa moja, saa hiyo yaweza kufidiwa. Mtoto aliyegongwa njiani Kabuga hana fidia, na askari aliyekuwa usukanini ataubeba mzigo huo maisha yake yote, hata kama kosa lilianzia kiwandani.