Daktari wa Kawaida Anaweza Kukutibu VVU

Mwaka 2020 mapigano yaliwaondoa watu Mucojo, Quiterajo na vijiji vingine vya pwani ya Macomia. Wengine walipita porini, wengine walipanda majahazi mpaka Paquitequete, Pemba. Mwenye kukimbia hivyo hubeba mtoto na maji. Karatasi za hospitali husahaulika. Kwa mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, yaani ARV, kusahau huko kunaweza kumgharimu maisha yake.

Wengi hukaa kambini bila kwenda kliniki kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanadhani VVU hutibiwa na daktari bingwa katika hospitali kubwa tu. Ya pili, wanaogopa kuonekana.

Zamani ilikuwaje?

Dhana ya kwanza ina asili yake. Msumbiji ilipoanza kutoa ARV katika hospitali za serikali, miaka ya 2003 na 2004, wagonjwa walitibiwa katika vitengo vya pekee vilivyoitwa Hospital de Dia. Vilisaidia wengi, lakini vilikuwa vichache na mbali, na kila aliyeingia mlango ule alijulikana anaumwa nini. Madaktari nao hawakutosha. Kwa hiyo kuanzia 2006 matabibu wasio madaktari waliruhusiwa kuanzisha wagonjwa dawa, na baadaye huduma ikahamishiwa katika vituo vya afya vya kawaida. Tangu 2016 mwongozo wa nchi unataka kila aliyepimwa akakutwa na VVU aanze dawa bila kungoja augue.

Faida ya kliniki ya kawaida

Mwenye VVU huugua malaria kama jirani yake, hubeba mimba, hupanda shinikizo la damu. Mhudumu anayemtazama mtu mzima huona mambo hayo kwa pamoja. Mifano:

- Kifua kikuu. Kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kupimwa TB. Dawa ya TB iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravir, ambayo imo katika kidonge cha ARV wanachotumia wengi. Anayetibu TB akijua unatumia ARV, atakuongezea dozi.
- Ujauzito. Mama anayemeza dawa kila siku anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU. Lakini vidonge vya madini ya chuma vinaweza kuizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Muulize mkunga namna ya kuvipanga.
- Dawa za mitishamba na za dukani. Zitaje zote bila kuona haya. Mhudumu hakuulizi ili akugombeze.

Pia foleni ni moja. Anayekuona umekaa kwenye benchi hajui kama umekuja kwa malaria au kwa ARV. Mhudumu haruhusiwi kusema habari zako. Sheria namba 19 ya mwaka 2014 ya Msumbiji inalinda siri ya mtu mwenye VVU na inakataza kumbagua.

Nimeacha dawa. Nifanye nini?

Njoo, hata kama ni mwaka umepita. Usianze mwenyewe vidonge vya zamani, wala usiazime vya mwenzako. Ukiwa na kadi, namba ya NID au karatasi ya uhamisho (guia), njoo nayo. Ukiwa huna, njoo hivyo hivyo. Sema ulitibiwa kituo gani, kidonge kilikuwa cha rangi gani na uliacha lini. Usijifanye mgonjwa mpya, maana mhudumu asipojua ulikotoka anaweza kukosea njia. Katika vituo vya serikali ARV ni bure.

Mwezi wa Ramadhani usiache dawa. Kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kumezwa wakati wa kufuturu au wa daku, mradi saa iwe ileile kila siku. Zungumza na mhudumu kabla ya mfungo kuanza.

Njia ya kliniki ikiwa ndefu, uliza kuhusu vikundi vya kusaidiana. Vilianza mkoani Tete mwaka 2008: watu wasiozidi sita wanapokezana, mmoja anakwenda kituoni na kuwachukulia wenzake dawa. Uliza pia kama unaweza kupewa dawa za miezi mitatu. Hapo hata ukilazimika kuhama tena ghafla, mkoba unakuwa na kitu.

Anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo kisione tena virusi kwenye damu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Anafanya kazi, anavua, analima na kulea wanawe.

Kwa hiyo, ndugu, usingoje daktari bingwa. Ingia kliniki iliyo karibu nawe, mwambie mhudumu kwa faragha, na umpeleke na mwenzio aliyeacha dawa.